Maji Yanapofurika Bafuni: Yanakopita, Yanakojificha, na Namna ya Kuyakausha

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo husemwa kwa ajili ya maneno na matendo yasiyoweza kurudishwa, lakini ikichukuliwa kama habari ya maji yenyewe ni kweli nusu tu. Maji yaliyomwagika juu ya sakafu ya saruji huzoleka kwa tambara na ndoo, mradi mtu afike mapema. Yasiyozoleka ni yale ambayo yamekwisha kuingia ndani ya lipu, ndani ya zege, ndani ya mbao na ndani ya godoro. Hayo tambara haliyafikii. Njia yao ya kutoka ni moja tu, nayo ni kugeuka mvuke na kuchukuliwa na hewa.

Tofauti hiyo baina ya maji yanayoonekana na maji yaliyojificha ndiyo shabaha ya makala haya. Watu wengi wanapopatwa na mkasa wa hodhi la kuogea kufurika hufanya kazi kubwa ya kukausha sakafu, kisha hudhani kuwa shughuli imekwisha. Baada ya majuma mawili rangi ya ukuta huanza kubanduka, harufu ya uvundo hutoka kabatini, na mtoto mwenye pumu huanza kukohoa usiku. Hapo ndipo hujulikana kwamba kilichokauka ni uso wa nyumba tu.

Chanzo cha furiko

Katika miji ya Afrika Mashariki furiko la bafuni aghalabu lina sababu yake ya pekee. Si lazima awepo mtu aliyefungulia maji ya kuoga akasahau. Mara nyingi ni bomba lililofunguliwa wakati halina maji. Katika vipindi vya mgao, kama ule wa Dar es Salaam wa mwezi Oktoba 2022 uliofuata kupungua kwa maji ya Mto Ruvu, mtu hufungua bomba mchana, huona halitoi kitu, akaliacha wazi. Pengine huliacha kwa makusudi ili hodhi lijae maji yatakaporudi, kwa kuwa katika nyumba nyingi hodhi limekwisha kuacha kazi ya kuogea na kuwa ghala la maji. Kisha maji hurudi saa nane za usiku, watu wote wakiwa wamelala.

Na ichukuliwe nyumba ya aina hiyo katika ghorofa ya tatu. Hodhi la kawaida likijaa hadi ukingoni huchukua lita 180 hivi, na bomba lenye nguvu ya wastani hutoa lita 12 kwa dakika. Kwa hiyo hodhi litajaa katika dakika 15. Mahodhi mengi yana tundu la kupunguzia maji karibu na ukingo, lakini aghalabu tundu hilo limezibwa na nywele, sabuni na kutu; na hata likiwa safi, si lazima liwe na uwezo wa kupitisha maji yote ya bomba lililo wazi kabisa. Ikiwa tundu limeziba na mwenye nyumba akaamka saa kumi, yaani baada ya dakika 120, basi dakika 105 zitakuwa zimekwenda katika kumwaga. Maji yaliyomwagika ni 105 mara 12, yaani lita 1,260. Uzito wake ni kilo 1,260, zaidi ya tani moja.

Sehemu kubwa ya maji hayo, kwa bahati njema, itapita katika tundu la sakafu ya bafu. Lakini hata robo yake tu ikivuka kizingiti, ni lita 315. Lita moja ya maji ikitandazwa juu ya meta moja ya mraba hufanya kina cha milimeta moja. Lita 315 zikiingia katika chumba chenye eneo la meta 12 za mraba zitafanya kina cha milimeta 26 hivi. Kina hicho ni kidogo kwa kukitazama, lakini chatosha kufika chini ya kabati, ndani ya zulia, na katika godoro lililotandikwa sakafuni.

Lipo pia furiko dogo ambalo halihitaji bomba lililosahauliwa. Hodhi likiwa limejaa hadi ukingoni, mtu mwenye uzito wa kilo 60 akijitumbukiza mwili wote atasukuma nje lita 60 hivi, kwa sababu mwili wa binadamu una uzito unaokaribiana na ule wa maji ya ujazo huo huo. Jambo hili ndilo analosimuliwa nalo Arkimedi wa Sirakusa, mtaalamu wa Kiyunani aliyefariki mwaka 212 kabla ya Kristo. Mwandishi wa Kirumi Vitruvius ameeleza jinsi alivyoona maji yakifurika na kukimbia kwao kwa furaha ya uvumbuzi. Hakueleza ni nani aliyebaki kupiga deki. Funzo kwa matumizi ya nyumbani ni kwamba hodhi lisijazwe kupita theluthi mbili ya kimo chake.

Njia mbili za maji

Maji yakiisha kumwagika husafiri kwa njia mbili, na kila moja ina tabia yake.

Njia ya kwanza ni ile ya kuvutwa chini na uzito wake. Maji hutafuta mahali pa chini kabisa, na katika jengo la ghorofa mahali hapo ni nyumba ya jirani. Zege la sakafu halina budi kutobolewa ili mabomba na nyaya za umeme zipite, nayo matundu hayo hayazibwi vizuri kila mara. Maji hupita pembeni mwa mabomba, katika nyufa, katika maungio ya ukuta na sakafu, na hasa ndani ya paipu za plastiki zinazobeba nyaya. Ndiyo sababu katika nyumba ya chini tone la kwanza mara nyingi huonekana likitoka kwenye taa ya dari. Watu huliona kama ajabu. Kumbe taa ile ni mlango uliofunguliwa tangu jengo lilipojengwa.

Njia ya pili ni ya siri zaidi, kwa kuwa maji huweza kwenda kando na hata kupanda juu. Kila aliyewahi kutumia koroboi ameiona. Mafuta yaliyo chini hupanda katika utambi hadi kwenye moto bila ya kusukumwa na mtu. Nyuzi za utambi zimeacha baina yao vijia vyembamba mno, na kimiminika huvutwa na kuta za vijia hivyo kwa nguvu inayoshinda uzito wake. Wataalamu huita nguvu hiyo mvuto wa kapilari. Daktari Mwingereza James Jurin alionyesha mwanzoni mwa karne ya 18 kwamba kadiri kijia kinavyokuwa chembamba ndivyo kimiminika kinavyopanda juu zaidi. Katika mrija safi wa kioo wenye upana wa milimeta 1, maji hupanda sentimeta 3 hivi. Upana ukiwa sehemu ya kumi ya milimeta, hupanda sentimeta 30.

Lipu, matofali ya saruji, mbao na karatasi vyote vimejaa vinyweleo vya namna hiyo. Kwa hiyo maji yenye kina cha sentimeta mbili sakafuni yaweza kuacha alama ukutani katika kimo cha goti. Alama hiyo haina maana kwamba maji yalifika kimo hicho chumbani. Maana yake ni kwamba ukuta umekunywa.

Umekunywa kiasi gani? Lipu yenye unene wa milimeta 15, katika ukuta wenye eneo la meta 10 za mraba, ina ujazo wa lita 150. Ikiwa sehemu ya tano ya ujazo huo ni vinyweleo, lipu hiyo peke yake ina nafasi ya lita 30 za maji, na mtu anayepita karibu nayo hataona zaidi ya rangi iliyokolea kidogo.

Iko kanuni nyingine iliyo muhimu kwa mwenye nyumba. Mwaka 1921 Mmarekani Edward Washburn alieleza kwamba umbali ambao kimiminika hupenya katika vinyweleo hukua kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda. Ikiwa maji yamepenya sentimeta 1 katika saa ya kwanza, yatahitaji saa nne kufika sentimeta 2, na saa tisa kufika sentimeta 3. Kwa maneno mengine, kina yanachopata maji katika saa ya kwanza ni sawa na kile yatakachoongeza katika saa tatu zinazofuata. Ndiyo kusema kwamba juhudi ya saa ya kwanza ina thamani kuliko juhudi yote ya mchana unaofuata.

Kazi za saa ya kwanza

Haraka inatakiwa, lakini haraka yenye utaratibu. Kazi zifuatazo zimepangwa kwa kufuata uzito wa hatari.

(a) Umeme. Kabla ya kutia mguu katika maji, mtu atazame kama maji yamefikia soketi, waya wa kurefushia umeme, jokofu au taa. Umeme wa majumbani katika Afrika Mashariki una nguvu ya volti 230 au 240. Ngozi kavu huzuia mkondo kwa kiasi kikubwa, lakini mwili uliolowa waweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 tu. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 1,000 hutoa mkondo wa ampea 0.23, yaani miliampea 230. Vifaa vya kukata umeme unapovuja, vile vinavyowekwa kulinda uhai, hutengenezwa vikate mkondo usiozidi miliampea 30. Hesabu hiyo yatosha kueleza sababu ya kuzima swichi kuu kwanza. Swichi hiyo izimwe kwa mkono mkavu, mtu akiwa amesimama mahali pakavu. Ikiwa haifikiki ila kwa kupita majini, watu wote watoke na fundi aitwe. Umeme usirudishwe mpaka fundi apime nyaya zilizolowa.

(b) Bomba. Bomba lifungwe. Likiwa limeharibika na halifungiki, ifungwe koki kuu ya nyumba. Inasikitisha kwamba katika familia nyingi ni mtu mmoja tu anayejua koki hiyo iliko, naye huenda yuko safarini.

(c) Jirani wa chini. Aamshwe mara moja, hata ikiwa ni saa kumi za usiku. Wengi huona haya kugonga mlango wa mtu saa hiyo, hasa wakiwa wao ndio wenye kosa, wakaamua kwanza kukausha kwao. Lakini maji yanayopotea machoni kwa aliye juu ndiyo yanayokusanyika katika dari ya aliye chini, na jirani anaweza kuamka gizani, akanyosha mkono kuwasha taa iliyojaa maji. Haya ya kugonga mlango ni jambo dogo mbele ya hatari hiyo.

Jirani naye azime swichi yake kuu, awaondoe watoto katika chumba kile, na atazame dari. Dari ya jasi au ya mbao laini ikianza kutuna imebeba maji. Kina cha sentimeta 1 juu ya meta moja ya mraba ni uzito wa kilo 10, na jasi ikilowa hupoteza nguvu yake. Uvimbe mdogo waweza kutobolewa kwa ncha ya kijiti kirefu, umeme ukiwa umezimwa, mtobozi akisimama kando na ndoo ikiwa imetegwa. Uvimbe mkubwa usiguswe. Chumba kifungwe na fundi aitwe.

(d) Kutoa maji. Maji yasukumwe kuelekea tundu la bafuni, kuanzia pembe iliyo mbali kabisa na bafu. Wengi huanza mlangoni mwa bafu kwa kuwa ndipo palipo na maji mengi, nayo maji ya chumbani yakaendelea kunywewa na ukuta. Kwa kufuata kanuni ya Washburn, pahali pa kuanzia ni pale ambapo maji yanagusa vitu vinavyonywa: kuta, makabati, vitanda na mazulia.

(e) Vitu. Mazulia, mikeka na magodoro yatolewe nje. Miguu ya makabati na meza iinuliwe juu ya vipande vya matofali. Vyeti, hati na vitabu viondolewe katika makabati ya chini hata kama kabati linaonekana kavu kwa nje. Picha zilizogandamana zisibanduliwe zikiwa zimeanza kukauka. Ziloweshwe katika maji safi hadi ziachane zenyewe, kisha zianikwe kivulini uso ukiwa juu. Vitabu vilivyolowa ambavyo haviwezi kushughulikiwa siku hiyo vyaweza kutiwa katika mfuko wa plastiki na kugandishwa ndani ya friza. Barafu husimamisha kuvu mpaka mwenyewe apate nafasi.

Hesabu ya kukausha

Baada ya sakafu kuonekana kavu, kazi ya pili huanza. Na ichukuliwe kwamba kuta za chumba zimebaki na lita 20. Maji hayo hayana budi kutoka kwa mvuke, na mvuke unahitaji mambo mawili: hewa ya kuuchukua na joto la kuufanya.

Kwanza hewa. Katika joto la nyuzi 30 za Sentigredi, meta moja ya ujazo ya hewa haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 hivi za mvuke wa maji; ikifika hapo imeshiba. Unyevuanga ukiwa asilimia 80, hali iliyo ya kawaida katika mwambao wa Bahari ya Hindi, hewa hiyo imekwisha kubeba gramu 24, na nafasi iliyobaki ni gramu 6 tu. Lita 20 ni gramu 20,000. Gramu 20,000 zikigawanywa kwa 6 hutoa meta za ujazo 3,300 na zaidi. Chumba chenye urefu wa meta 4, upana wa meta 3 na kimo cha meta 2.8 kina hewa ya meta za ujazo 33.6. Kwa hiyo hewa ya chumba kizima haina budi kubadilishwa mara 100 hivi, na hiyo ni hesabu ya chini, maana hewa haitoki chumbani ikiwa imeshiba kabisa. Mahali pakavu ambapo unyevuanga ni asilimia 40, nafasi katika kila meta ya ujazo ni gramu 18, na hewa itahitaji kubadilishwa mara 33 tu. Hiyo ndiyo sababu nguo, samaki na kuta hukauka upesi bara wakati wa kiangazi kuliko pwani.

Hesabu hiyo yaonyesha kosa la kufunga chumba kilicholowa na kukiacha kikauke chenyewe. Hewa ya ndani hushiba mara moja, na kukauka husimama. Madirisha na milango ya pande mbili ifunguliwe ili upepo upite. Pangaboi liwekwe lipulize kando ya ukuta uliolowa, baada ya fundi kuthibitisha kwamba umeme ni salama. Makabati yasogezwe mbali na ukuta na milango yake iachwe wazi. Wakati wa mvua, hewa ya nje inapokuwa imekaribia kushiba, kufungua madirisha hakusaidii sana. Mwenye kiyoyozi akitumie wakati huo, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa kuwa kiyoyozi hutoa mvuke katika hewa. Matone yanayoanguka nje ya ukuta ndiyo ushahidi wake.

Pili joto. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke katika nyuzi 30 huhitaji kilojuli 2,430 hivi. Lita 20 zahitaji kilojuli 48,600, ambazo ni sawa na yuniti 13 na nusu za umeme. Joto hilo halilazimiki kununuliwa, kwa kuwa hewa na ukuta wenyewe hulitoa kidogo kidogo. Mtungi wa udongo hupoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo: maji yanayopenya hadi ubavuni mwake hugeuka mvuke na kuondoka na joto. Ukuta uliolowa ni kama mtungi. Mtu akiuweka kiganja na kuuona wa baridi kuliko ukuta wa jirani yake, bado unatoa maji.

Hapa pana onyo. Wako wanaofikiri kuharakisha kazi kwa kuwasha jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unaoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la mafuta ya taa au la gesi lina hatari hiyo pia, na zaidi ya hayo, mafuta na gesi vikiungua hutoa mvuke wa maji, yaani huongeza kile kinachotakiwa kuondolewa.

Kuvu

Sababu ya kukimbizana na muda ni kuvu, ambayo wengi huiita ukungu. Viini vyake, vidogo kuliko macho yanavyoweza kuona, vimo katika hewa ya kila nyumba na havidhuru vikiwa vikavu. Vikipata unyevu juu ya chakula chao, kama vile karatasi, mbao, gundi, pamba au vumbi, huanza kuota. Shauri la kawaida la wataalamu ni kwamba kitu kilicholowa kikaushwe katika muda wa saa 24 hadi 48. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya unyevu na kuvu majumbani, likieleza uhusiano wake na pumu na maradhi mengine ya njia ya hewa.

Kuvu iliyoota juu ya kitu kigumu, kama vile vigae au mbao iliyopakwa rangi, husuguliwa kwa maji ya sabuni, kisha mahali hapo pakaushwe kabisa. Anayesugua afunike pua na mdomo, na mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Dawa za klorini zikitumiwa, zisichanganywe kamwe na siki, dawa ya choo yenye asidi au dawa yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko hutoa gesi za sumu. Godoro la sponji lililolowa kabisa na kukaa siku kadhaa, pamoja na ubao wa jasi uliolegea, havina matibabu; vitupwe.

Nyumba yenyewe

Mbao hunywa maji na kuvimba zaidi katika upana kuliko katika urefu. Mlango uliogoma kufunga baada ya furiko usikimbiliwe kwa randa. Ukirandwa ukiwa umevimba utakuja kulegea ukikauka. Mbao zilizotengenezwa kwa vipande vidogo na gundi huvimba na hazirudi hali yake.

Boriti na mbao za dari zina hatari ya kuoza zikikaa na unyevu unaozidi asilimia 20 ya uzito wao mkavu. Jambo hili lina uzito wa pekee katika nyumba za kale za mwambao, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa katika kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa. Ncha ya boriti iliyo ndani ya ukuta haionekani wala haipati hewa, na bafu lililojengwa juu yake miaka mingi baada ya nyumba laweza kuilowesha daima. Katika nyumba ya namna hiyo kila furiko likaguliwe na fundi anayejua majengo hayo.

Zege la ghorofa halidhuriki kwa furiko moja. Nondo zilizomo hukingwa na magadi ya saruji, mradi zege liwe zima. Lakini maji yanayopita mara kwa mara katika ufa mmoja, hasa yakikutana na chumvi iliyomo katika mchanga wa pwani, huanzisha kutu. Na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo hupasua zege kutoka ndani. Vipande vya zege vikianza kubanduka chini ya bafu, tatizo si la jana.

Rangi isiharakishwe

Jirani aliyeharibiwa dari na ukuta hutaka kuona pamepakwa rangi, na aliyeharibu hutaka kumaliza deni lake upesi. Kwa nia njema ya wote wawili fundi huitwa baada ya siku tano, rangi ya mafuta hupakwa, na kila mtu hufurahi kwa mwezi mmoja. Kisha rangi hutoa malengelenge, kwa sababu imeziba mlango pekee wa kutokea maji. Mara nyingine unga mweupe hujitokeza ukutani. Huo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka ndani ya ukuta na kuachwa juu maji yalipogeuka mvuke. Upanguswe kwa brashi kavu. Kuuosha kwa maji ni kuirudisha chumvi ndani.

Liko jaribio rahisi la kuamua siku ya kupaka rangi. Kipande cha plastiki angavu chenye sentimeta 45 kila upande kibandikwe ukutani kwa utepe wa gundi, pande zote nne zikizibwa, kiachwe kwa saa 16 au zaidi. Matone yakionekana upande wa ndani, au ukuta ukiwa umekolea rangi chini yake, maji bado yamo. Jaribio lirudiwe baada ya juma moja, mahali mbalimbali. Wenye nyumba wawili wakilifanya pamoja, hawatakuwa na haja ya kubishana juu ya nani anachelewesha kazi.

Kinga

Kinga ya furiko haina gharama kubwa. Bomba lisilotoa maji lifungwe wakati ule ule lilipofunguliwa, na kila mtu wa nyumba, mtoto na mgeni, afundishwe hivyo. Anayetaka kukinga maji ya usiku atumie tangi lenye boya linalofunga maji lenyewe. Tundu la kupunguzia maji na tundu la sakafu visafishwe kila mwezi, na kujaribiwa kwa ndoo moja ya maji. Kizibo cha hodhi lisilotumika kisiachwe mahali pake. Kila mtu mzima aonyeshwe koki kuu na swichi kuu ziliko. Methali ya ufa na ukuta inajulikana na wote; katika bafu, ufa ni kizibo kilichosahauliwa.

Maswali ya kujipima

1. Bomba hutoa lita 9 kwa dakika na hodhi lina lita 150, nusu yake ikiwa imejaa. Baada ya dakika ngapi litaanza kufurika?

2. Lita 60 zimemwagika katika chumba chenye eneo la meta 15 za mraba. Kina cha maji ni milimeta ngapi?

3. Maji yamepenya milimeta 4 katika lipu kwa muda wa dakika 30. Yakiachwa, yatafika milimeta 8 baada ya muda gani tangu mwanzo?

4. Hewa ya nyuzi 30 ina unyevuanga wa asilimia 70. Ni meta ngapi za ujazo za hewa hiyo zinazohitajika, kwa uchache, kuchukua lita 9 za maji?

5. Eleza kwa nini ukuta uliolowa huwa wa baridi, na kwa nini ukuta huo usipakwe rangi ya mafuta.

Majibu ya hesabu: (1) dakika 8 na sekunde 20, (2) milimeta 4, (3) saa 2, (4) meta za ujazo 1,000.